Machenza ya Kuwaarifu Wazee

Ama, bibi yake Felisa, aliyafunga machenza kwa mkono wake mwenyewe. Yalikuwa kumi na mawili, kila moja limezungushiwa ukanda wa karatasi nyekundu. Aliyapanga kwenye kikapu, akamkabidhi mjukuu wake kama anayemkabidhi mtoto mchanga.

"Panda mpaka juu, mbele ya vibao vya majina ya wazee waliotangulia," alisema. "Washa udi, piga magoti, useme taratibu: mimi Felisa, binti wa ukoo wa Gan, naolewa na kijana wa ukoo wa Lim. Taratibu, nimesema! Usibwabwaje kama unaagiza soda."

"Sawa, Ama."

"Na usicheke."

"Sicheki, Ama."

"Unacheka sasa hivi."

Kweli alikuwa anacheka, na nani asingecheka? Bibi yule alikwisha kuwafukuza wachumba watatu, mmoja kwa sababu ya mama yake, wa pili kwa sababu ya meno, wa tatu kwa sababu hakuwa Mchina. Huyu wa nne alimkubali kabla chai haijapoa. Nestor Lim, mwalimu wa hesabu kutoka Iloilo, hakujua kusoma hata herufi moja ya Kichina, na Kichina chake cha mdomoni kingeenea kwenye kijiko. Lakini alikuwa Lim, na akina Lim na akina Gan wameoana tangu enzi za kale. Jumanne ijayo mama yake angeshuka melini Manila kuja kuposa rasmi. Kilichobaki kilikuwa kuwaarifu marehemu tu, maana katika nyumba za Wachina wa mtaa wa Ongpin binti haolewi mpaka waliotangulia wameambiwa.

Jumba la ukoo wa Gan lilikuwa ghorofa ya tatu, juu ya mkahawa wa tambi. Mtunzaji wake, Mzee Tiok, alikuwa dirishani akicheza dama peke yake na, kwa maneno yake mwenyewe, akishindwa.

"Mjukuu wa duka la dawa!" alisema. "Umeniletea dawa ya magoti?"

"Leo nimewaletea wazee machenza, Mzee Tiok."

"Wazee hawana magoti. Mimi ninayo." Akaona karatasi nyekundu, uso ukamchanua. "Ehee! Kumbe! Nani huyo mwenye bahati? Wa ukoo gani?"

Felisa alikuwa akingoja aulizwe. Alitoa picha kwenye mkoba, picha ndogo ya zamani iliyokatika pembe, ambayo Nestor alimpa aitunze siku walipokubaliana. "Itunze wewe," alimwambia. "Ndiyo mali yote ya upande wa baba yangu." Ilimwonyesha mwanamume mwembamba amebeba mti begani, mitungi miwili ya taho, ule uji laini wa soya, imening'inia huku na huku.

"Huyu ni babu wa mchumba wangu," Felisa alisema. "Alikuwa akiuza taho mitaa hii hii ya Binondo, kabla ya vita. Alimwacha mke mjamzito Iloilo, akaja huku kutafuta riziki, hakuonekana tena. Baba wa mchumba wangu alipokuwa anakata roho alimsihi mwanawe: mtafute baba yangu, mpelekee udi, anakuja ndotoni ana njaa. Miezi saba tumemtafuta, Mzee. Kwenye jumba la akina Lim hawamjui. Makaburini hayumo."

Mzee Tiok aliisogeza picha kwenye mwanga. Alivua miwani, akaivaa tena.

"Kidole," alisema.

"Kidole gani?"

"Hiki cha mwisho, mkono wa kushoto. Hakipo. Kilikatwa na jiwe la kusagia soya. Mimi nilikuwa mtoto, nilikuwepo. Kikakatika chake, nikazimia mimi." Alicheka, halafu akatikisa kichwa. "Hok Seng! Lo! Taho yake ilikuwa laini, mtu mgonjwa alikuwa anainywa na kuamka."

"Unamjua!" Felisa alimshika mkono yule mzee kwa nguvu. "Mzee Tiok, unamjua! Nestor atalia kwa furaha. Yuko wapi? Amezikwa wapi? Lim Hok Seng, jamani, siamini!"

"Alikuwa Lim kwenye karatasi tu, mwanangu. Siku zile bila karatasi hushuki melini. Alinunua karatasi za Lim mmoja aliyekufa huko kwetu, akaingilia jina lake la ukoo. Wangapi walifanya hivyo! Lakini sisi tulimjua." Akanyanyuka huku magoti yakilia. "Njoo. Yumo humu humu."

Alimwongoza nyuma ya madhabahu, kwenye safu ya mwisho ambako mwanga haufiki vizuri. Ilikuwa safu ya wasio na mtu. Vibao vya mbele vilikuwa na maua na vikombe vya chai, vya huku vilikuwa na vumbi. Mzee Tiok alikifuta kimoja kwa mkono wa shati. Felisa alisoma shule ya Kichina miaka kumi, hakuhitaji kuambiwa. Gan Hok Seng. Na chini yake, kwa herufi ndogo, kijiji cha Lau-kio.

Lau-kio ndicho kijiji cha babu yake Felisa. Jina hilo alilisoma kila mwaka kwenye kaburi la babu yake tangu alipojua kusoma.

"Asiyekuwepo na lake halipo," Mzee Tiok alikuwa anasema. "Miaka arobaini maskini hajapata hata kikombe cha chai. Sasa mjukuu huyo..." Hapo ndipo alipogeuka akauona uso wa binti. Akatazama kikapu, akazitazama karatasi nyekundu.

Chini mkahawani mtu alikuwa anagombana na mpishi kuhusu supu.

"Labda ni Gan mwingine," Felisa alisema.

"Mwanangu, hata angekuwa Gan wa mbali. Wa Gan na wa Gan ni mtu na dada yake, hata wakipishana vizazi kumi. Na huyu ni wa kijiji kimoja na babu yako."

"Najua, Mzee."

Yule mzee alirudi akakaa mbele ya dama yake. Alisukuma kete moja, akairudisha.

"Mimi ni mzee," alisema bila kumtazama. "Nasahau. Wiki ijayo nitakuwa nimesahau kabisa. Na kibao hakisemi. Kama umekuja leo, kama hukuja, mimi sijui."

Felisa alitaka kumshukuru akashindwa. Alichukua picha, akachukua kikapu chake kama alivyokuja nacho, akashuka ngazi akijishikilia ukutani.

* * *

Nestor alikuwa akimngoja mlangoni kwa muuza chestnati, kokwa tamu za kuchoma, ameshika pakiti mbili za moto na anazihamisha mkono hadi mkono.

"Haya, bibi harusi! Wazee wamesemaje? Wamenikubali, au nao wanataka kuona meno yangu?" Kisha akaona kikapu. "Mbona umerudi na machenza?"

"Mtunzaji hakuwepo."

Ulikuwa uongo wa kwanza kumwambia. Ulimtoka mwepesi, naye mwenyewe akauogopa.

"Basi tutarudi jioni. Twende, leo nataka unitembeze bila kutafuta mtu. Miezi saba natembea Binondo nasoma makaburi na madaftari. Leo nataka kutembea kama mtu anayeoa."

Wakatembea. Walipita maduka ya dhahabu, wakapita kwa mama wa vikeki vya hopia ambaye lazima amwonjeshe Felisa kipande cha kila kinachotoka tanurini, wakapita farasi wa gari la kalesa aliyesimama katikati ya barabara na kuziba mtaa mzima huku mwendeshaji wake akitukanwa kwa lugha tatu. Kila hatua ilikuwa na salamu. "Achi Felisa! Achi, bibi hajambo? Achi, ile dawa ya kikohozi imenisaidia!"

"Mtaa mzima wewe ni dada yao mkubwa," Nestor alisema akicheka. "Achi huku, Achi kule. Bahati yangu mimi nakuita Felisa."

"Nakuzidi miezi minane," Felisa alijibu, maana ndivyo alivyokuwa akijibu siku zote, na mdomo ulijiendea wenyewe. "Ungekuwa na adabu ungeniita Achi."

"Thubutu! Siku utakayonisikia nakuita Achi, ujue nimekufa nimebaki kivuli."

Zamani utani huo uliwafanya wacheke mpaka waegemee ukuta. Leo Felisa aligeuza uso akajifanya anatazama bata waliotundikwa dirishani. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, lakini huzuni nayo ina kikohozi chake, na Nestor hakuwa kiziwi.

"Una nini?"

"Jua."

"Jua gani, na mawingu haya?"

"Nestor, niache kidogo."

Alimwacha. Alikuwa mtu wa namna hiyo, akiambiwa niache anaacha, lakini anabaki karibu. Walivuka daraja dogo la mfereji, na katikati ya daraja akasimama.

"Nina jambo nilitaka kukwambia wewe kwanza," alisema. "Nimeamua kuacha kumtafuta babu."

Felisa alimtazama kwa mara ya kwanza tangu wakutane.

"Nimechoka, Felisa. Nilimwahidi baba, ni kweli. Lakini miezi saba! Yule mzee hataki kuonekana. Nikajiuliza, hivi Mungu alinileta Manila kutafuta maiti au kukutafuta wewe? Basi nimeshapata. Wewe unanitosha. Jumanne mama anakuja, tunaoana, tukipata mtoto wa kiume tutampa jina la babu, yatosha. Atatusamehe."

Mtu angetaka nini zaidi? Mlango ulifunguliwa mbele yake, tena kwa mkono wa Nestor mwenyewe. Mzee Tiok amekubali kusahau. Nestor hawezi kusoma kibao hata akiwekewa puani. Ama anashona mapazia. Felisa alichotakiwa kufanya ni kusema "sawa, mpenzi," maneno mawili, na maisha yake yote yangekuwa yake. Aliyaandaa mdomoni. Kwa Mungu aliyaandaa.

"Lakini nataka nimuage," Nestor aliongeza. "Njoo."

Msalaba mmoja mkubwa wa barabarani ulikuwa umbali mdogo, umejaa mashada ya maua ya sampaguita, na mbele yake sinia la majivu lililojaa vijiti vya udi, kwa sababu watu wa hapo hawaoni ubaya kumwashia Yesu udi kama wanavyowaashia babu zao. Nestor alinunua vijiti vitatu, akaviwasha. Akasimama navyo, akageuka kulia, akageuka kushoto, kama mtu aliyeshika barua isiyo na anwani.

"Sijui niuelekeze wapi moshi," alisema, na akajaribu kutabasamu. "Angkong, babu yangu, popote ulipo. Mimi ni Nestor, mtoto wa Bonifacio. Baba alikufa analia kwa ajili yako. Nisamehe sikukuona. Pokea huu, ndio nilionao."

Moshi ulipanda, ukapeperuka kuelekea mtoni, upande usiokuwa wake kabisa. Na mtaa wa tatu nyuma yao, ghorofa ya tatu, babu mwenyewe amekaa gizani na vumbi lake.

Felisa alijua hapo hapo kwamba hawezi kunyamaza. Si kwamba hakutaka, alitaka kuliko alivyowahi kutaka kitu duniani.

"Nestor," alisema. "Mtunzaji alikuwepo."

"Nini?"

"Nimemwona babu yako."

* * *

Alimweleza yote pale pale, wamesimama ukutani, watu wanapita na mizigo. Alimweleza kidole, jiwe la kusagia, karatasi za Lim aliyekufa. Nestor alisikiliza uso ukizidi kung'aa, na hilo ndilo lilimuumiza Felisa zaidi, maana hakuwa amefika mwisho.

"Yuko! Felisa, yuko! Umemwona kwa macho yako! Mbona unalia sasa, mwanamke wewe, twende!" Alimvuta mkono. "Yuko wapi?"

"Kwetu."

"Kwenu wapi?"

"Jumba la Gan. Kijiji kimoja na babu yangu. Wewe si Lim, Nestor. Hujawahi kuwa Lim. Wewe ni Gan."

Alichukua muda kuelewa. Alikuwa amekulia Iloilo kwa mama Mfilipino, mambo ya koo aliyasikia kama hadithi. Lakini miezi saba ya madaftari ilikwisha kumfundisha. Mkono wake ulilegea kwenye mkono wa Felisa, ukaanguka wenyewe.

"Hapana," alisema. "Cheti changu cha kuzaliwa kinasema Lim. Cha ubatizo kinasema Lim. Padri atatufungisha bila kuuliza swali."

"Padri ndiyo. Ama je?"

"Nani atamwambia Ama? Nani anajua? Wewe, mimi, na mzee mmoja anayesahau!"

"Unamkumbuka shangazi yangu Remedios?"

"Yule wa Cebu? Uliniambia alikufa."

"Hajafa. Aliolewa na Gan. Wa mbali huyo, kijiji kingine kabisa. Babu alipokufa nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Tumevaa nguo nyeupe za msiba, tumetoka na jeneza, nikamwona shangazi amesimama ng'ambo ya barabara na watoto wake wawili, kavaa gauni la maua. Hakuna aliyempa nguo nyeupe. Baba yake mzazi, Nestor! Nikampelekea maji. Ama alinipiga kofi mbele ya watu wote. Ama hajawahi kunipiga kabla ya hapo wala baada ya hapo."

"Basi twende Iloilo. Leo. Tusiishi hapa."

"Na yeye?"

"Nani?"

"Babu yako. Ukimdai babu, umekuwa Gan, umenikosa. Ukinichukua mimi, hutapanda ngazi zile maisha yako, maana ukipanda utaulizwa wewe ni nani na huyo mkeo ni nani."

"Nakuchagua wewe! Kwani nimesema sikuchagui? Nakuchagua wewe, Felisa!"

Alisema kwa sauti kubwa, mwenye duka la mishumaa akatoa kichwa. Felisa aliyapokea maneno yale akayaweka mahali ambapo hayataibwa. Hakupata mengine ya namna hiyo maishani.

"Utanichagua leo," alisema. "Na Novemba watu wakienda makaburini? Utajua amekaa juu pale ana njaa, na huwezi kwenda. Mwaka wa kwanza utavumilia. Wa pili. Wa tatu utaanza kunitazama mimi."

"Sitakutazama hivyo."

"Utanitazama. Wewe unalia ukisoma makaburi ya watu usiowajua."

Nestor aligeuka akapiga ukuta kwa kiganja. Aliporudi kumtazama, macho yake yalikuwa na hasira, na haikuwa hasira kwa wazee.

"Kwa nini umeniambia? Nilikuwa nimeacha! Nimekwambia pale darajani, nimeacha! Ungenyamaza. Ningeishi na wewe miaka hamsini, mpumbavu mwenye furaha. Nani amekutuma?"

"Na mimi ningeishi na nani?" Felisa naye alipandisha sauti. "Wewe ungekuwa mpumbavu mwenye furaha, sawa. Mimi je? Kila ukiniita mpenzi, namwona yule mzee na vumbi lake. Ningekuwa nimekuibia babu yako, nikamvaa kama pete! Unadhani sikujaribu kunyamaza? Nimetembea na wewe mtaa mzima najaribu. Nimejaribu mpaka kwenye udi. Nisingekupenda hivi, Nestor, ningenyamaza."

Hasira ilimtoka kijana wa watu, akabaki mtupu. Alifuta uso kwa mkono. Pakiti za chestnati zilikwisha kupoa, akaziweka chini ya msalaba kwa sababu hakujua azifanye nini.

"Nipeleke," alisema.

* * *

Mzee Tiok aliwaona wanaingia pamoja, akafunga dama yake. Alileta taa ndogo.

Nestor alisimama mbele ya safu ya mwisho. Kwake vibao vyote vilikuwa sawa, mbao na michoro. Angeweza kusimama pale mwaka mzima na asijue.

"Ni kipi?" alinong'ona.

Felisa aliweka kidole chini ya herufi ya kwanza, akamsomea kama anavyosomewa mtoto wa darasa la kwanza. "Hii ni Gan. Hii Hok. Hii Seng. Na hapa, Lau-kio."

Nestor alirudia. Gan. Hok. Seng. Kisha akaanguka chini mzima mzima, paji la uso sakafuni, akalia kilio ambacho Felisa hakuwahi kukisikia kwa mwanamume. "Angkong," alikuwa anasema. "Angkong, ni mimi. Baba alikuwa anakuulizia. Ni mimi, Angkong." Alisema Kiilonggo cha kwao, akasema Kifilipino, na kile Kichina chake cha kijiko akakimalizia chote pale sakafuni.

Kama Felisa alikuwa amebakiwa na chembe ya shaka kwamba alikosea kusema, ilimtoka hapo. Haikumpunguzia uchungu hata kidogo.

Alipiga magoti kando ya kikapu chake. Karatasi nyekundu ni ya furaha, haitolewi kwa marehemu aliyekaa na njaa miaka arobaini. Alizibandua moja moja, kumi na mbili, akazikunja ndogo kabisa na kuzitia mfukoni mwa gauni. Kisha akayapanga machenza mbele ya kibao cha Gan Hok Seng. Mzee Tiok alileta kikombe cha chai kinachotoa moshi, cha kwanza.

Nestor alipotulia, yule mzee akakohoa. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini desturi ilikuwa kazi yake miaka thelathini, na hakujua njia nyingine ya kuwafariji watu.

"Mtoto wa ukoo akiingia humu mara ya kwanza huwasalimia jamaa zake," alisema kwa upole. "Awataje kwa nafasi zao, wazee wasikie. Mimi ni babu yako mdogo."

"Shikamoo, babu," Nestor alisema, akainama.

"Marahaba, mjukuu wangu. Karibu nyumbani." Katika chumba kile alikuwa amebaki jamaa mmoja tu. "Samahani, wanangu," akasema. "Ndivyo ilivyo."

Nestor aligeuka. Alimtazama Felisa tangu utosini mpaka viatuni, polepole, kama mtu anayefunga nyumba na kuhakikisha kila dirisha. Felisa alitaka kusema usiseme, acha, labda siku nyingine. Lakini alikuwa wa Ongpin, akanyoosha mgongo akangoja.

Nestor akainama, kama alivyomwinamia yule mzee.

"Achi," alisema.

Dada anapoitwa na mdogo wake, mbele ya wazee, ana jibu moja tu.

"Abee," Felisa aliitika.